Wa Nne Anayekuja

Farasi namba tisa alishinda Kiptere, mahali ambapo hakuna hata farasi mmoja. Alishinda kwenye runinga iliyotundikwa ukutani, katika duka la kubeti lililobanwa kati ya kinyozi na muuza dawa za mifugo. Ilikuwa Jumamosi alasiri na mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba mtangazaji wa mashine hakusikika. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa ameweka shilingi 50 kwa farasi ambaye mashine ilikuwa inamlipa mara 33. Namba tisa alipopita mstari, duka zima liliruka. Mtu mmoja alimwagikiwa na chai akaendelea kucheka. Mwingine alinipiga begani: "Mwalimu, umeona?"

Nilikuwa nimeona. Niliingia mle kujikinga mvua tu, lakini macho yangu yalikuwa yameganda kwenye runinga kama ya wengine. Nadhani mimi peke yangu ndiye niliyesikitika. Simwonei mtu wivu kwa shilingi 1,650, na hizo ni kabla ya makato ya kodi. Nilisikitika kwa kuwa uso wa kijana yule niliujua. Niliwahi kuuvaa mwenyewe, miaka 30 iliyopita, na ulinigharimu paa la jiko la mama yangu.

Nimezaliwa Kiptere, kwenye barabara ya kutoka Kapsoit kwenda Sondu. Utotoni wanyama wetu walikuwa ng'ombe na punda. Farasi nilimjua kwa picha za vitabu vya shule. Lakini mbio tulizijua. Hii ni nchi ya Wilson Kiprugut, mtu wa Kericho aliyeipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800 kule Tokyo mwaka 1964. Mtoto wa kwetu hata kama hana miguu ya kukimbia, ana macho ya kutazama wakimbiaji.

Mwaka 1994 nilikwenda Nairobi kukaa kwa mjomba wangu Kawangware, nikapata ukarani katika duka la vifaa vya ujenzi karibu na Dagoretti Corner. Jumapili sikuwa na kazi wala pesa za kuzurura mjini. Nilikuwa natembea kwa miguu kuifuata Ngong Road hadi kwenye uwanja wa farasi, ambao uko hapo tangu mwaka 1954. Jukwaani walikaa watu wa kofia pana na miwani ya kuonea mbali. Sisi wengine tulisimama kwenye uzio, karibu kabisa na nyasi, na sisi ndio tuliosikia kwato zikipita. Hakuna runinga inayoweza kuleta sauti ile. Huanzia kwenye nyayo zako kabla ya kufika masikioni.

Mara ya kwanza niliweka shilingi 20 kwa farasi aliyekuwa na jina zuri. Alimaliza wa mwisho. Mzee mmoja aliyesimama kando yangu, mwembamba, koti lake limepauka mabegani, aliniuliza kwa nini nilimchagua. Nikamwambia jina.

"Jina halina miguu," alisema.

Alikuwa saisi mstaafu, mtunza farasi aliyeanza kazi hiyo akiwa mtoto kwenye mashamba ya walowezi huko Molo. Alipojua nimetoka Kericho alinitazama upya. "Nyinyi si watu wa mbio? Shuleni mlipokuwa mnatazama mbio za duru nyingi, wewe ulikuwa unamtazama nani?"

"Anayeongoza, Mzee."

"Kila mtu humtazama anayeongoza. Ndiyo maana bei yake ni mbaya. Wewe mtazame wa nne. Si wa nne aliyechoka. Wa nne anayekuja."

Maneno hayo yalinichukua miezi kadhaa kuyaelewa. Ukisoma matokeo gazetini, wa nne ni wa nne tu. Lakini kuna wa nne aliyeongoza mbio nzima akaishiwa, na kuna wa nne aliyezibwa njia kwenye kona, akapata mwanya mita 200 za mwisho, akawa anawameza wenzake mstari ulipomkatiza. Gazeti huwaandika hao wawili kwa tarakimu moja. Mzee alisema pesa yote ya uwanjani imejificha kati ya hao wawili.

Akanifundisha uzito. Katika mbio nyingi farasi hawaachiwi waende walivyo. Kuna afisa ambaye kazi yake ni kuwapimia mizigo: aliye hodari abebe kilo 60, aliye dhaifu abebe 51, ili kwa hesabu yake wote wafike pamoja. Mpanda farasi hupimwa yeye na tandiko lake kabla ya mbio, hupimwa tena baadaye, na akiwa mwepesi huongezewa vipande vya risasi chini ya tandiko. Jambo hili nililielewa mara moja, kwa sababu nimekulia kwenye mizani. Kituo chetu cha kuuzia majani kilikuwa na mzani wa ndoana, na kila jioni nilimwona mama akitazama mshale kwa jicho moja na mkono wa karani kwa jicho la pili. Alijua kilo za kikapu chake kabla hakijatundikwa. Mshale ukikataa kukubaliana naye, alikuwa haulizi mshale umesema nini. Aliuliza kwa nini. Mzee wa Molo alikuwa ananiambia nifanye vivyo hivyo: afisa wa mizigo ni binadamu, humpima farasi kwa mbio alizokwisha kukimbia, na mbio zilizopita zinaweza kusema uongo. Farasi aliyekimbia kwenye tope asilolipenda, au umbali uliokuwa mfupi kwake, anapewa mzigo wa farasi dhaifu ilhali si dhaifu. Huyo ndiye wa kutafutwa.

Halafu akanifundisha bei, na hapa ndipo wengi hupotea. Ubao ukiandika ishirini kwa moja, unakwambia kwamba kwa bei hiyo farasi angepaswa kushinda mara moja katika kila mbio 21. Swali si "je, atashinda?" Karibu kila mara jibu la swali hilo ni hapana. Swali ni "je, angeshinda mara mbili katika 21?" Kama ndiyo, ubao umekosea na wewe una biashara. Kama hapana, hata akishinda leo umenunua kitu kwa bei ya kupunjwa, ila bahati imekurudishia chenji.

Mzee hakuwa mtu wa vitabu, lakini alipenda kunisimulia habari za Beryl Markham, ambaye wengi wanamjua kwa kuruka peke yake kwa ndege kuvuka Atlantiki kutoka Uingereza mwaka 1936. Kwa watu wa uwanjani alikuwa kwanza mkufunzi wa farasi. Alikulia Njoro, na alifariki mwaka 1986 akiwa bado anakaa kwenye nyumba iliyo katika eneo la uwanja ule ule wa Ngong. Kisa alichokipenda Mzee ni cha mwaka 1926. Farasi bora aliyemfundisha Beryl, Wrack, alihamishiwa kwa mkufunzi mwingine muda mfupi kabla ya mbio za St Leger. Beryl akabaki na jike mmoja, Wise Child, ambaye kano za miguu yake zilikuwa dhaifu. Wise Child akamshinda Wrack. "Na unajua nani alikuwa anaishika ile miguu?" Mzee alikuwa akiniuliza kila mara, ingawa jibu nilikuwa nalo. Ni arap Ruta, aliyeitwa Kibii utotoni, Mkalenjini mwenzetu, aliyekua na Beryl huko Njoro na kufanya naye kazi zizini kabla ya kumfuata kwenye ndege. Mzee alitaka nielewe kwamba ushindi ambao jukwaa liliuita wa ajabu, kuna mtu aliyekuwa ameugusa kwa vidole asubuhi baada ya asubuhi.

Julai 1995 wangu alikuja. Alikuwa wa kahawia, namba saba, ubao ukimpa ishirini kwa moja. Wiki tano nyuma nilimwona kwenye matope akimaliza wa nne, lakini akija. Safari hii ardhi ilikuwa kavu, umbali umeongezwa mita 400, na mzigo wake ulikuwa karibu mwepesi kuliko wote. Farasi walipotembezwa kabla ya mbio, wawili kati ya waliopendwa walikuwa wametoka jasho jeupe katikati ya mapaja. Yeye alikuwa mkavu, masikio mbele, anatembea kama ng'ombe anayejua njia ya nyumbani. Niliweka shilingi 200. Kwenye kona ya mwisho alikuwa wa sita. Sikumbuki mita zilizobaki. Nakumbuka tu nimemshika Mzee mkono na yeye hapigi kelele, anahesabu kwa sauti ya chini: wa tano, wa nne, wa nne, wa pili.

Elfu nne. Mshahara wangu wa mwezi haukufika hapo. Nilimpa Mzee mia tano, akazikunja bila kuzitazama na kuniambia neno ambalo sikulisikia vizuri hadi miezi mingi baadaye: "Sasa kaa mwezi mzima usiweke kitu."

Jumapili iliyofuata niliweka. Na iliyofuata. Kosa langu halikuwa tamaa peke yake, kwa maana tamaa ingekuwa rahisi kuitambua. Nilipindua hesabu bila kujua. Mzee alinifundisha kuanza na farasi, nimtazame, nimpime, halafu ndipo nigeuke kuangalia ubao. Mimi nilianza na ubao. Nilitafuta ishirini kwa moja, thelathini kwa moja, kisha nikawatafutia sababu. Na sababu hazikosekani. Mtu anayetaka kuamini atamwona farasi kilema akasema anatembea kwa mapozi.

Oktoba ile mama alipata bonasi ya chai. Akanitumia pesa kwa mkono wa jirani aliyekuwa anakuja Nairobi: ninunue mabati kumi dukani kwetu, kwa kuwa nilikuwa napata bei nafuu, niyapakie kwenye lori. Pesa za mabati matatu ziliisha Novemba. Nilisema nitazirudisha kwa zile saba. Kufikia Krismasi sikuwa na bati hata moja, na nilimwandikia barua kwamba bei imepanda, asubiri.

Nilikwenda nyumbani Aprili 1996, mvua kubwa zimekwisha kuanza. Jikoni palikuwa na sufuria tatu sakafuni, kila moja inapokea tone lake, na kila moja ina sauti yake kadiri ilivyojaa. Mama alikuwa akipika katikati yake, anajua wapi pa kukanyaga bila kuangalia. Hakuniuliza chochote kuhusu mabati. Usiku wa pili nilishindwa kulala kwa sauti zile, nikaamka nikamweleza yote.

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza swali la mtu wa mzani: "Bati moja ni siku ngapi?" Sikuelewa. "Siku ngapi za kuchuma?" Akajijibu mwenyewe: kwa shamba letu, bati moja ni siku mbili za mgongo wake. "Kumi ni ishirini. Wewe una likizo ya siku ngapi?"

Zilikuwa zimenibakia 21. Nilichuma siku 20, majani mawili na chipukizi, kikapu mgongoni kwenye umande wa asubuhi, na kila jioni kilo zangu ziliandikwa kwenye namba yake. Siku ya nane kidole gumba kilipasuka. Nilikuwa nimetumia bati zima kwa dakika mbili za mbio, mara kumi, na sikuwahi kuhisi uzito wake. Mwili ndio ulionifanyia hesabu ambayo kichwa kilikataa.

Niliporudi Nairobi sikuacha kwenda uwanjani. Huenda mhubiri angependa niseme niliacha. Nilinunua daftari la kurasa 96. Sheria ilikuwa moja: kabla ya kuangalia ubao niandike bei yangu mwenyewe kwa kila farasi, na sababu zake, kwa wino. Mwaka mmoja niliandika tu. Dirisha la dau sikulikaribia. Mwishoni nilihesabu. Farasi 43 niliona kwamba ubao umewalipa kupita haki yao. Walishinda wawili, mmoja kwa kumi na mbili, mmoja kwa kumi na sita. Kwa dau la shilingi moja kwa kila farasi ningetoa 43 na kupata 30. Kwa hiyo hata mimi mwenye macho, mwenye mwalimu, mwenye mwaka mzima, ningekuwa mtu wa kupoteza.

Baadaye nikasoma kwamba mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Richard Griffith, aliandika jambo hilo mwaka 1949 baada ya kuchambua mbio nyingi: watu huwalipia wasiodhaniwa ghali kuliko nafasi zao, na kuwadharau wanaopendwa. Tunanunua ndoto, na ndoto haijawahi kuuzwa kwa bei ya jumla. Tena hata ndoto ikitimia haimaanishi mnunuzi alijua kitu. Mwaka 1967 kule Aintree, Uingereza, Foinavon alishinda Grand National akiwa mia kwa moja. Wenzake walianguka na kugongana kwenye kiunzi kimoja; yeye alikuwa nyuma sana hivi kwamba mpanda wake alipata nafasi ya kuona fujo na kuizunguka. Alishinda kwa sababu ya kuchelewa. Aliyemchagua alilipwa, lakini hakuwa na cha kumfundisha mtu.

Nilipogeuza kurasa za daftari tena, niliona kitu. Kati ya wale 43, ni tisa tu ambao niliwaandikia sababu tatu kamili. Wengine nilikuwa nimewaandikia moja na nusu na mapambo. Washindi wangu wote wawili walikuwa ndani ya wale tisa. Sitaki kujidanganya, wala nisingemruhusu mwanafunzi wangu ajidanganye: tisa ni wachache mno kuthibitisha lolote. Lakini wanatosha kunionyesha kazi ilivyo. Kumchagua asiyedhaniwa ni kukaa Jumapili nyingi bila kufanya kitu, mikono mifukoni, ukiangalia wengine wakishangilia. "Kaa mwezi mzima," Mzee alisema. Alikuwa amenipa somo zima kwa maneno machache, na mimi nilidhani ananionea wivu.

Mwaka 1998 nilikwenda chuo cha ualimu, nikarudi huku kufundisha hesabu. Septemba 2018 habari zilipofika kwamba mtu wa Bomet, jirani zetu, ameshinda jakpoti ya zaidi ya milioni 208 kwa kubashiri mechi, darasa langu la Kidato cha Tatu halikufundishika. Nikafuta ubao, nikawauliza: mechi 17, kila moja ina matokeo matatu, mikeka tofauti ni mingapi? Tulizidisha tatu kwa tatu hadi mkono ukachoka: 129,140,163. Mvulana mmoja wa nyuma akasema, "Lakini Mwalimu, yeye ameshinda." Ni kweli, ameshinda. Wahenga walisema bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi, na msimu ule vitongoji vizima vililala milango wazi.

Sasa rudi dukani siku ile ya mvua. Farasi wa kwenye runinga hana kano. Hajatembezwa, hatoki jasho, hajawahi kuwa wa nne anayekuja, maana mbio zake za jana hazimhusu leo. Ni tarakimu zilizovalishwa ngozi. Mashine ikiwa na farasi sita walio sawa, haki ni kukulipa mara sita. Ikikulipa mara tano, ile sehemu iliyobaki ni ya mwenye duka, kila mbio, kila dakika chache, kuanzia asubuhi mpaka usiku. Kule Ngong ubao uliweza kukosea, na mtu mwenye subira akaliona kosa. Hapa hakuna kosa la kutafuta. Daftari langu lingebaki tupu kurasa zote 96.

Haya yote sikumwambia yule kijana. Mtu mwenye 1,650 mkononi hasikii hesabu. Mimi sikusikia hata maneno machache ya Mzee. Nilifanya jambo dogo. Mvua ilipopungua nilimwambia, "Kijana, nipeleke Sondu."

"Sasa hivi, Mwalimu? Mbio nyingine inaanza."

"Sasa hivi. Nalipa kwenda na kurudi."

Sikuwa na shughuli yoyote Sondu. Njiani tairi la nyuma liliteleza mara mbili kwenye tope, la pili karibu litutie mtaroni. Lilikuwa limeisha meno kabisa, laini kama kiganja. Tulipofika nilinunua dawa ya mswaki ambayo sikuihitaji, na nikasimama kwa muda mrefu kidogo mbele ya duka la vipuri. Yeye mwenyewe ndiye aliyeuliza bei. Pesa za ushindi hazikutosha, akaongezea nauli yangu.

Jumatatu jioni nilipita pale tena. Pikipiki yake ilikuwa imeegeshwa mlangoni mwa duka la kubeti, naye yumo ndani, shingo imeinuka kuelekea ukutani. Niliinama kana kwamba nafunga kamba ya kiatu, nikaligusa lile tairi. Meno yake yalikuwa bado makali.